Ndugu wa Nanasi Wanaouzwa kwa Majina ya Kuazima

Kando ya barabara za Mfaranyaki, hapa Songea mjini, wauza maua hupanga miche yao kwenye makopo ya rangi, viroba na ndoo zilizotobolewa chini. Kati ya mawaridi na krotoni hukosi kuona mmea ambao majani yake yamejipanga duara, yakabanana chini na kufanya kikombe kinachotunza maji. Ukiuliza jina, jibu ni moja: "Hilo nanasi la maua, mama." Ukionyesha mwingine, wenye majani mapana ya kijivu yaliyokatwa na mistari myeupe, ni nanasi la maua. Wa tatu, mwembamba, uliosimama wima, nao ni nanasi la maua. Mteja aking'ang'ania jina la kitaalamu, yote mitatu hupewa lile ambalo muuzaji aliambiwa na aliyemletea mzigo, na mara nyingi jina hilo ni Guzmania.

Katika mitatu hiyo hakuna Guzmania hata mmoja. Wa kwanza ni Neoregelia, wa pili ni Aechmea fasciata, wa tatu ni Billbergia pyramidalis. Jina la jumla alilolitaja muuzaji halina kasoro, maana yote ni ukoo mmoja na nanasi. Kosa linaanzia kwenye jina la pili. Guzmania ni mmea wa kivuli, unaoungua majani ukianikwa juani na unaoteseka na baridi yetu ya Juni na Julai. Aliyeuziwa Neoregelia kwa jina hilo ataificha barazani, na baada ya miezi michache wekundu wote utakuwa umepotea, majani yamerefuka na kulegea. Atasema mche ulikuwa mbovu. Aliyenunua Billbergia akitarajia ua la kukaa miezi, kama la Aechmea, ataliona likinyauka ndani ya wiki mbili na kudhani yeye ndiye aliyeliua.

Wauzaji wetu siwalaumu. Ukoo huu, ambao kitaalamu ni Bromeliaceae kwa heshima ya Olof Bromelius wa Uswidi, una spishi zaidi ya 3,500, na zote ni za mabara ya Amerika isipokuwa moja tu: Pitcairnia feliciana, inayoota kwenye miamba ya mchanga ya Guinea, Afrika Magharibi. Hata hiyo moja iliingia vitabuni kwa jina lisilo lake. Katika miaka ya 1930 Mfaransa Auguste Chevalier aliiundia jenasi mpya kabisa, Willrussellia, na muda mfupi baadaye wataalamu wengine wakaonyesha kuwa ni Pitcairnia, jenasi ya Amerika ambayo hakuna aliyetarajia kuikuta upande huu wa Atlantiki.

Kwa hiyo kila bromelia iliyopo Songea ililetwa na mkono wa mtu. Wangoni, Wandendeule na Wamatengo wana majina mengi ya miti na majani ya porini, lakini Neoregelia haikuwa na jina la wazee kwa sababu haikuwapo. Kazi kubwa ya vitabu vya mimea ya ukanda wetu, Flora of Tropical East Africa, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika 2012, ina spishi zaidi ya 12,000, ila shabaha yake ilikuwa mimea ya porini. Mwenye bustani hana pa kulinganishia. Anabaki na neno la muuzaji, na muuzaji ana neno la aliyeshusha mzigo.

Huko mzigo unakotoka nako majina hayajatulia. Neoregelia carolinae ilielezwa kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1850 ikiwa chini ya jenasi nyingine, ikahamishwa jenasi moja hadi nyingine, na jenasi Neoregelia yenyewe ikapewa jina hilo na Lyman Smith wa Marekani mwaka 1934. Majina ya zamani hayakufa. Vitalu viliendelea kuyaandika. Mmea uliojulikana kwa miaka mingi kama Vriesea splendens, wenye upanga mwekundu na majani yenye mikanda myeusi, ulihamishiwa jenasi ya Lutheria mwaka 2016, lakini vibao vinasema Vriesea hadi leo. Ongeza na machotara: sehemu kubwa ya Guzmania zinazouzwa duniani ni chotara za vitalu vya Ulaya, na kibao chenye jina la spishi, tuseme Guzmania lingulata, kinaweza kuwa kimesimama juu ya mmea wenye damu ya spishi mbili tatu.

Basi mtu afanyeje? Aanze na mmea wenyewe, na aanze na swali dogo kuliko yote: huu ni ukoo wa nanasi kweli? Mfaranyaki nimeona mkonge mchanga ukiuzwa kwa jina la nanasi la maua, na nimeona pia ule mmea mfupi wa kando ya njia, wenye majani ya kijani juu na zambarau mgongoni, Tradescantia spathacea, ukipewa jina hilohilo. Chukua jani la mnanasi wa kawaida, lipindue, pitisha kidole gumba upande wa chini. Kitabaki na unga mweupe. Ukiutazama unga huo kwa lenzi utaona si vumbi, ni vigamba vidogo sana, na vigamba hivyo ndivyo alama ya ukoo mzima. Katika baadhi ya bromelia za Tillandsia vigamba vimekuwa kazi yote ya kunywa: mmea hauna mizizi ya maana, unaning'inia hewani, na ukiunyunyizia maji rangi yake ya kijivu hugeuka kijani mbele ya macho yako, kwa kuwa vigamba vikilowa hupitisha mwanga. Michirizi ya fedha ya Aechmea fasciata ni vigamba hivyohivyo vilivyojipanga mistari, ndiyo maana ukiipangusa sana kwa kitambaa inatoka na hairudi. Mkonge hauna. Shubiri haina, ukiivunja inatoa maji ya manjano machungu na ute. Tradescantia nayo haina, na majani yake hayashiki maji ya kudumu.

Ukishajua ni bromelia, pitisha kidole kwenye ukingo wa jani, kutoka ncha kuelekea shina, taratibu. Ukingo wenye miiba au meno madogo unakupeleka upande wa Aechmea, Neoregelia, Billbergia na mnanasi wenyewe, kundi ambalo tunda lake ni laini, lenye nyama. Ukingo laini kabisa, usio na hata jino moja, unakupeleka kwa Guzmania, Vriesea na Tillandsia, ambazo tunda lake ni kavu, likipasuka linatoa mbegu zenye nyuzi zinazopeperushwa na upepo. Kwa jaribio hili moja, linalochukua sekunde chache, nusu ya majina ya uongo ya barabarani yanaanguka. Guzmania haina miiba. Ukichomwa, si Guzmania, hata kibao kiseme nini.

Jaribio hilo lina mianya miwili, na ni vizuri kuijua mapema. Vitalu vimechagua Aechmea fasciata isiyo na miiba na kuiita 'Primera', kwa hiyo mmea wa kijivu wenye mistari ya fedha na ukingo laini si Guzmania ya ajabu, ni Aechmea. Mwanya wa pili ni nanasi lenyewe, nitalifikia.

Rangi ndiyo inayodanganya kuliko kitu kingine chochote. Neoregelia carolinae ikikaribia kutoa maua, moyo wake unageuka mwekundu mkali na kubaki hivyo kwa miezi. Kabla ya hapo ni kijani tupu. Mmea huohuo ukikulia juani huwa na mng'ao wa shaba, ukikulia kivulini hauna. Watu wawili wanaweza kugawana maotea ya mama mmoja, mmoja akayapanda wazi Matarawe na mwingine akayaweka chini ya mwembe Mfaranyaki, na baada ya mwaka wakaapa kuwa ni mimea miwili tofauti. Kwa hiyo nikiletewa picha ya simu yenye majani mekundu na swali la jina, huwa naomba picha nyingine: ya katikati ya kikombe, iliyopigwa kutoka juu, mmea ukiwa na maua.

Hapo ndipo Neoregelia na Nidularium zinapotenganishwa, na hizi mbili huchanganywa hata na watu wenye bustani za miaka. Zote ni duara bapa, zote zina miiba midogo, zote huwa nyekundu katikati. Tazama ndani. Katika Neoregelia, kinachowaka ni sehemu za chini za majani ya kawaida, na maua madogo ya zambarau au samawati yamezama majini, hayainuki, yanachomoza machache kila siku. Katika Nidularium kuna majani mengine mafupi, mapana, yenye rangi yao wenyewe, yaliyoinuka juu kidogo ya kikombe kwenye shina lake na kubeba maua mapajani. Ukiweza kulishika fungu hilo la rangi na kulihisi limesimama peke yake, una Nidularium. Katika Neoregelia carolinae zenye mistari, tazama mistari imekaa wapi: myeupe ikiwa katikati ya jani na kijani pembeni, ni ile iitwayo 'Tricolor', weupe ukiwa pembeni na kijani katikati, ni 'Flandria'. Majina haya mawili hubadilishana vibao kila mara.

Vriesea na Guzmania, zile za ukingo laini, tofauti yake nyepesi ni umbo la shada. Vriesea za dukani nyingi zina shada bapa, majani ya rangi yamejipanga pande mbili tu, mfano wa upanga. Guzmania huyazungusha shina pande zote na kufanya nyota. Kuna Vriesea chache zinazovunja kanuni hiyo, na mtaalamu ataupasua mzizi wa petali kutafuta vigamba viwili vidogo ndani yake, ambavyo Vriesea inavyo na Guzmania haina.

Ua linaweza kuchelewa, na bila ua utabaki kukisia. Wakulima wa nanasi walishapata dawa ya hilo zamani. Visiwani Azores, mwaka 1874, ilibainika kuwa moshi ndani ya nyumba za vioo unaifanya minanasi ichanue, na baadaye ikaeleweka kuwa kazi hiyo inafanywa na gesi ya ethilini. Ndizi mbivu hutoa gesi hiyohiyo. Mwaga maji yote ya kikombe cha bromelia yako iliyokomaa, weka ndizi mbili zilizoiva vizuri kando yake, funika kwa ndoo kubwa isiyopitisha hewa kwa wiki moja hadi siku 10, kivulini. Kwa kawaida ua huonekana kati ya wiki 6 na 14 baadaye. Mmea mchanga usiusumbue. Haujawa na nguvu, na kila duara la bromelia huchanua mara moja tu maishani, kisha hufa taratibu likiacha maotea.

Kikombe hicho cha maji kina habari yake, na ni habari ya Afrika Mashariki. Mwaka 1911 Frederick Theobald alimpa mbu mmoja wa ukanda huu jina la bromeliae, kwa kuwa aina hii huzaa kwenye maji yanayotuama mapajani mwa majani, ya minanasi, migomba na magimbi. Baadaye jina hilo likafunikwa. Wataalamu wakamhesabu mbu huyo kuwa Aedes simpsoni tu. Katika miaka ya 1940 watafiti wa Taasisi ya Homa ya Manjano ya Entebbe walivipata virusi vya homa ya manjano ndani ya mbu waliokamatwa Bwamba, magharibi mwa Uganda, na vitabu vikaandika simpsoni. Lakini kulikuwa na kitendawili: sehemu nyingine "simpsoni" aliuma watu bila huruma, sehemu nyingine hakuwagusa. Ilikuwa kazi ya Yiau-Min Huang, katika machapisho yake ya 1979 na 1986, kuonyesha kuwa chini ya jina moja walikuwa wamejificha mbu kadhaa: simpsoni mwenyewe wa kusini mwa Afrika, lilii, na bromeliae, na huyu wa mwisho ndiye aumaye watu na kubeba virusi. Miaka yote hiyo, aliyesoma takwimu za "simpsoni" alikuwa akisoma hesabu za wadudu tofauti zilizojumlishwa pamoja. Anayedhani mambo ya majina ni ya wazee wa maktaba peke yao aitazame Bwamba. Na kwa bustani zetu: maji ya kikombe yamwagwe na kubadilishwa kila wiki, kwani buibui wa maji anayecheza humo kwa kujinyonganyonga si buibui, ni kiluwiluwi cha mbu, na zaidi ya wiki moja hivi huwa na mabawa.

Sasa nanasi. Bustani ya maua ikikosewa jina, hasara ni masikitiko. Shamba la nanasi likikosewa jina, hasara ni mwaka mmoja na nusu wa jasho au zaidi, kwa sababu tangu kupanda hadi kuvuna ni miezi 15 hadi 24, na huku kwetu penye baridi muda husogea upande wa mwisho.

Aina zinazotajwa zaidi ni tatu. Queen ndiyo nanasi dogo, mara nyingi chini ya kilo moja, majani yamejaa miiba mwanzo hadi mwisho, macho ya tunda ni madogo na yametokeza, nyama ni ya dhahabu na inakatika kwa mlio. Smooth Cayenne ni kubwa, kilo moja na nusu hadi mbili na nusu, macho bapa na mapana, nyama ya manjano hafifu, maji mengi na uchachu wake. Aina hii ndiyo mwanya wa pili niliousema: jani lake ni laini isipokuwa miiba michache karibu na ncha. Wenyeji wa misitu ya Amerika Kusini walikuwa wameshaichagua bila miiba kabla Mfaransa Perrottet hajaichukua Guyana ya Kifaransa na kuipeleka Ufaransa mwaka 1819, na kutoka Ulaya ikaenea duniani. Ya tatu ni MD-2, nayo jani lake ni laini.

MD-2 ilitokana na kazi ya Taasisi ya Utafiti wa Nanasi ya Hawaii, ambako ilikuwa na namba tu, 73-114. Ililimwa Costa Rica na kampuni ya Del Monte ikaiingiza sokoni mwaka 1996. Ganda lake hugeuka manjano sawasawa, nyama yake ni ya dhahabu, uchachu mdogo, vitamini C nyingi, na ikatwaa soko la Ulaya na Marekani lililokuwa la Cayenne. Ilikuwa na ndugu wa baba mmoja mama mmoja, namba 73-50. Hati miliki iliyosajiliwa Marekani ilikuwa ya huyo ndugu, lakini wengi katika biashara waliamini inaihusu MD-2, na mambo yakafika mahakamani. Kama makampuni yenye maabara na wanasheria yaligombania nanasi lipi ni lipi, mkulima wa Ruvuma anayenunua maotea kwa gunia ana haki ya kuuliza maswali mengi.

Maana otea la Cayenne na otea la MD-2 yakilazwa kando kando, yote laini, yote kijani, hakuna jicho la kuaminika la kuyatenganisha. Kuwepo au kukosekana kwa miiba kutakuambia kama ni Queen au si Queen, basi. Na hata hilo lina tahadhari: Cayenne mara nyingine hurudisha miiba yenyewe, hasa miche iliyozalishwa maabara, kwa hiyo mmea mmoja wa miiba katikati ya shamba laini si lazima uwe umechanganywa. Tofauti kubwa inakuja na masika. MD-2 huoza moyo upesi kuliko Cayenne maji yakituama, kwa ugonjwa wa Phytophthora. Inataka matuta yaliyoinuliwa na udongo unaopitisha maji. Aliyeambiwa amenunua Cayenne akaipanda bondeni, kumbe ni MD-2, atang'oa mioyo iliyooza kuanzia Januari hadi Aprili, na kuvuta majani ya katikati yanayochomoka mkononi yakiwa na harufu mbaya. Aliyelipia bei ya MD-2 akapewa Cayenne ataligundua siku mnunuzi atakapokata la kwanza.

Mbegu ya mahindi inauzwa kwenye mfuko wenye lebo ambayo mkulima anaweza kuirudisha dukani akiwa na ushahidi. Otea la nanasi linauzwa kwa mdomo. Njia ya uhakika niijuayo ni kulichagua likiwa bado kwa mama yake. Nenda shambani wakati wa mavuno, kata tunda, onja, tazama nyama na macho ya ganda, kisha funga kamba ya rangi kwenye shina la mmea uliokuridhisha. Maotea yachukuliwe kwenye mashina yenye kamba tu. Taji la tunda ulilokula nalo ni mbegu halali ya aina hiyo, ingawa litakuchelewesha kuliko otea la ubavuni.

Na kwenye makopo ya nyumbani, kata kipande cha bati la kopo la soda, andika kwa kukandamiza ncha ya msumari. Wino hufutika kwa jua, alama ya msumari haifutiki. Andika ulikopata mmea, mwezi na mwaka, na jina iwapo umeliona ua. Kama hujaliona, andika jenasi peke yake, au andika "ukingo una miiba, bado haujachanua," na uache nafasi chini yake.